Kamba iko pale

Jioni, watu wakisharudi kutoka kutafuta kuni na maji, kibanda cha video kilianza kujaa. Kilikuwa katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, kaskazini ya Goma, upande wa barabara ya Rutshuru, pale ambapo ardhi ni mawe meusi ya lava na hata mti wa kusimamisha hema hauingii vizuri. Shitingi juu, shitingi pembeni, mabenchi ya mbao, televizyo moja ndogo, batri ya gari na paneli ya jua. Mtoto alilipa franga 100, mkubwa 200. Aliyekosa pesa alileta kopo la makala, na mwenye kibanda hakukataa, maana hata yeye alipika.

Mwanzoni alionyesha filme za vita. Msikilizaji anazijua: mtu mmoja mwenye misuli, bunduki kubwa, maadui hamsini wanaanguka kama maharagwe. Hazikudumu. Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba mtoto wake, aliposikia milio ile kutoka kibandani, alikimbia mpaka barabarani na akapatikana usiku. Kamati ya kambi ikakata neno: hakuna tena filme ya bunduki. Zile za Nigeria zilipendwa, lakini mwenye kibanda alikuwa nazo tatu tu, na kila mtu alishajua nani kamroga nani. Ndipo akaanza kutafuta ndani ya flashi ya zamani aliyouziwa mjini, akakuta filme moja ya Kifaransa ambayo hakuwahi kuifungua. Jina lake: Le Sixième Continent.

Ni filme ya Waingereza ya mwaka 1974. Jina lake la kwanza ni The Land That Time Forgot, yaani nchi iliyosahauliwa na wakati. Wafaransa waliiuza kama bara la sita, na ilipotoka nyingine ya watu wale wale mwaka 1976, wakaiita Centre Terre, septième continent. Wangeendelea, leo tungekuwa na mabara ishirini.

Habari yake ni hii. Mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, meli ya Wadachi inayokwenda chini ya maji inazamisha meli ya Waingereza. Wachache waliopona, pamoja na Mmarekani mmoja, wanaipanda ile meli ya Wadachi usiku na kuiteka. Wanapotea baharini, mafuta yanakwisha, wanafika kwenye nchi iliyozungukwa na barafu, inaitwa Caprona. Wanapita chini ya mwamba kwa mto, wanatokea upande wa pili, na huko kuna joto, miti mikubwa, watu wa zamani sana, na wanyama ambao duniani kwingine walishakufa mamilioni ya miaka iliyopita.

Kwa kuwa Kifaransa cha filme kilikwenda haraka, mwenye kibanda alikaa pembeni ya televizyo akasimulia kwa Kiswahili. Ndiyo kazi wanayofanya wasimulizi wa filme Kampala, Dar es Salaam na Nairobi, na yeye aliifanya bila mikrofoni. Akteri alimpa jina, maadui akawapa majina, na pale ambapo hakuelewa alisema, "Hapa wanapanga mipango yao." Alipanga mipango mingi ile jioni.

Watoto walikaa kimya kwa muda wa nusu saa. Alafu shingo ndefu ikatoka majini. Ilipinda kushoto, ikapinda kulia, mdomo ukafunguka na kufungwa. Kimya kikaendelea kidogo, mpaka mtoto mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo: "Hiyi ni soksi!"

Kibanda kilianguka kwa kicheko. Na yule mnyama wa kuruka alipokuja, mkubwa kama paa la nyumba, mabawa yamenyooka bila kutikisika hata mara moja, watoto walisimama wote pamoja: "Kamba! Kamba iko pale!" Kama kamba ilionekana kweli kwenye televizyo ile ndogo, ni wao wanaojua. Ila walikuwa na haki, maana yule mnyama alikuwa ameninginizwa.

Siku ya pili walirudi, wengi kuliko jana.

Mtu anaweza kusema ni kwa sababu hakukuwa na kitu kingine. Lakini filme ya dinosa za kompyuta, ile ya Marekani ya mwaka 1993, ilikuwa ndani ya flashi hiyo hiyo. Waliitazama kwa kuogopa, wakaisifu, na baada ya wiki wakaomba tena ya soksi. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya ile ya soksi, na si bure kukitafuta.

Kampuni iliyoitengeneza iliitwa Amicus. Ilikuwa ya Wamarekani wawili, Milton Subotsky na Max Rosenberg, lakini kazi ilifanyika Uingereza, na pesa ilikuwa kidogo. Wakati huo njia nzuri ya kutengeneza wanyama wa namna hiyo ilikuwa kuchukua sanamu ndogo, kuisogeza kidogo, kupiga picha, kuisogeza tena, kupiga tena, miezi na miezi. Wao hawakuwa na miezi. Kwa hiyo fundi wao, Roger Dicken, alitengeneza wanyama wa kuvaa mkononi, mtu anaingiza mkono na kusogeza kichwa na mdomo. Wa kuruka walitengenezwa wakubwa na kutundikwa. Katika filme ya pili, ile ya bara la saba, watu waliingia wenyewe ndani ya mavazi ya wanyama, na wale viumbe wenye mabawa wanaotawala chini ya ardhi walikuwa watu waliofungwa kamba na kurushwa hewani. Mkono ni wa mtu, na anayetazama anauona.

Kambini watoto walitengeneza magari kwa makopo ya mafuta ya kupikia na magurudumu kwa vizibo. Mpira wao ulikuwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba. Mtoto wa namna hiyo anapoona mnyama wa mkononi hamuoni kama mtu wa Ulaya anavyomuona. Anamcheka, ndiyo, lakini anauliza pia: macho waliyatengeneza na nini? Meno je? Kijana mmoja mwenye chukudu, aliyekuwa akisukuma magunia ya viazi kutoka Kibumba kabla barabara haijafungwa, alikuja kila jioni kwa ajili ya mashine ya bara la saba, ile yenye pua ya chuma inayochimba ardhi mpaka katikati ya dunia. Aliwaeleza wenzake kwa nini haiwezi kufanya kazi: uzito uko mbele mno. Chukudu lake alilichonga mwenyewe kwa panga na patasi. Hakuidharau mashine ile. Aliisahihisha.

Jambo lingine ni kwamba katika filme hizi hakuna anayekonyeza jicho. Doug McClure, yule Mmarekani, anampiga ngumi mnyama wa mpira kama vile maisha yake yako hapo. Katika bara la saba kuna Peter Cushing, mchezaji wa heshima kubwa Uingereza, ambaye mwaka uliofuata, 1977, alionekana katika Star Wars. Hapo anacheza profesa mzee mwenye mwavuli, na anapokutana na mnyama wa mdomo kama kasuku anaufungua mwavuli kwa uso wa mtu aliye kazini. Mwenye kibanda aliwahi kujaribu ile filme ya mwaka 2013 ya papa wanaorushwa na tufani, ambayo watu wake walijua tangu mwanzo kwamba wanafanya upuuzi. Haikuchekesha. Mtu akishajicheka mwenyewe kwenye skrini, watazamaji wanabaki bila kazi.

Na sauti pia. Kapiteni wa Wadachi katika bara la sita anachezwa na John McEnery, lakini sauti inayosikika hata katika filme ya Kiingereza si yake. Ni ya mchezaji mwingine, Anton Diffring, iliyobandikwa baadaye. Wafaransa wakabandika ya kwao juu ya hiyo. Na katika kibanda cha shitingi, kijana wa Kivu akabandika ya nne, yenye utani wa Rutshuru ndani. Hakuna aliyeona ajabu.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo kicheko kilikatika.

Karibu na mwisho wa filme ya kwanza, wale Wadachi na Waingereza wameshapatana kidogo. Wamegundua mafuta yanayotoka ardhini, wanayachemsha na kuyasafisha wenyewe kwa mapipa ili meli yao ipate kurudi. Hapo vijana wauza petroli kwa chupa, makadhafi, walipiga makofi. Alafu mlima unapasuka. Ni mlima wa studio, moto ni wa studio, mawe yanayoanguka ni mepesi. Mtoto yeyote angeweza kusema kamba iko wapi. Hakuna aliyesema.

Waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa wamekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na moto ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena jioni, ukala vijiji vya kaskazini ya mji, na watu wakatembea usiku kucha kuelekea Sake na kuelekea mpaka wa Rwanda. Wazee wa kibandani walitazama mlima wa Waingereza kama mtu anavyotazama picha ya marehemu iliyochorwa vibaya. Mzee mmoja alisema kitu kimoja tu: "Rangi si hiyo." Kisha akaeleza, polepole, rangi ilivyo usiku, jinsi mawingu yanavyokuwa mekundu kabla ya kuona moto wenyewe, na watoto waliozaliwa baada ya 2002 wakamgeukia wakaacha televizyo. Filme iliendelea peke yake. Mwenye kibanda hakusimulia.

Katika filme ya dinosa za kompyuta jambo hili lisingewezekana. Kule kila nafasi imejazwa. Hapa kulikuwa na tundu, na mzee aliingia na ushuhuda wake.

Kuna upande mwingine wa habari hizi, na haufurahishi. Nani aliamua kwamba kuna nchi zilizosahauliwa na wakati? Edgar Rice Burroughs, aliyeandika vitabu ambavyo Amicus ilivitumia, ni yule yule wa Tarzan, wa Chicago, na hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliijaza tu kutoka mezani kwake. Mwingereza Arthur Conan Doyle, ambaye mwaka 1912 alitoa The Lost World, kitabu kilichoipa jina aina hii yote ya habari, alikuwa na deni tofauti. Miaka mitatu kabla, mwaka 1909, alikuwa ameandika The Crime of the Congo, kitabu cha hasira juu ya mpira, mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa wakati nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Na mashujaa wawili wa ile safari yake ya dinosa, Lord John Roxton na mwandishi wa habari Malone, walichukuliwa kwa sehemu kutoka kwa watu wawili aliofahamiana nao katika kampeni ya Kongo: Roger Casement, konsula aliyeandika ripoti iliyotolewa mwaka 1904, na Edmund Dene Morel, aliyeandika bila kuchoka mpaka ulimwengu ukasikia.

Kwa hiyo watu wawili waliojua mateso ya Wakongo walihamishwa, ndani ya kitabu, wakapelekwa Amerika ya Kusini kupigana na mijusi. Kitabu cha mijusi kilizaa filme mwaka 1925 na nyingine nyingi baadaye. Kile cha Kongo leo wanakitafuta watu wa historia tu. Conan Doyle si mtu wa kulaumiwa kwa hili. Alifanya kuliko wengi. Ila inaonyesha ni habari gani inasafiri mbali.

Mwaka 1995 Wamarekani walitoa filme inayoitwa Congo, kwa pesa nyingi, kuhusu mji uliopotea huku kwetu Virunga, unaolindwa na gorila wauaji. Mji huo unaitwa Zinj, jina lililookotwa kwenye neno la kale la Waarabu kwa watu wa pwani ya mashariki, mbali kabisa na hapa. Gorila ni watu ndani ya mavazi, kama katika bara la saba, ila mavazi ya gharama. Mwenye kibanda aliileta akidhani itakuwa sikukuu, kwa sababu ni nyumbani. Watu waliitazama wakitafuta nyumbani wakaona wabeba mizigo, askari wa kudai pesa na pori. Hakuna shamba hata moja la maharagwe. Baba mmoja, mtoto wake aliuawa akiwa mlinzi wa mbuga, alitoka kabla ya mwisho. Caprona ya soksi haikumtoa mtu yeyote nje, labda kwa sababu haikujifanya ni kwa mtu.

Sasa ile barua.

Mwisho wa bara la sita, mlima unawaka, maji yanachemka, meli inateketea na waliokuwa ndani. Wanabaki wawili tu, yule Mmarekani na mwanamke waliyesafiri naye. Anaandika yote yaliyowapata, anatia karatasi ndani ya chombo, anakiziba, anakitupa baharini. Filme inakwisha.

Watoto walishatoka kwenda kucheza. Mama mmoja alibaki kwenye benchi. Alitoka Rutshuru mwaka 2022, na njiani, kwenye msongamano wa watu na mbuzi na magodoro, alipotezana na mtoto wake wa kiume wa miaka 14. Alipitisha tangazo redioni mara nyingi, jina la mtoto, shati alilovaa, mahali walipoachana. Alimuuliza mwenye kibanda:

"Papa, ile barua ilifika?"

Mwenye kibanda alisema filme imekwisha, Mama, hawakuonyesha. Alikubali, akaaga. Kesho yake alilipa tena, akangoja mwisho, akauliza tena.

Basi kijana akauliza mjini, kwa wauza flashi wa Birere na kwingine. Ilimchukua majuma mengi kupata ile iliyofuata, ya mwaka 1977, inayoitwa kwa Kifaransa Le Continent oublié. Sehemu yake kubwa ilipigwa nje, katika kisiwa cha La Palma cha Wahispania, ambacho nacho ni mlima wa moto, na ambacho nacho kiliwaka mwaka 2021, miezi minne baada ya Nyiragongo. Kabla ya kuionyesha aliitazama peke yake usiku, sauti chini, ili ajue atasema nini.

Barua ilifika. Rafiki wa yule Mmarekani anakuja kumtafuta kwa meli na ndege ndogo. Mnyama wa kuruka anaiangusha ndege, na kamba, kama kuna mtu anauliza, iko pale. Wanatembea, wanapigana, na mwishoni wanamkuta rafiki yao yu hai, mfungwa katika mji wa mafuvu. Yule mwanamke aliyekuwa naye alishakufa. Na yeye, wakati wa kutoroka, anakufa pia. Wanarudi bila yeye.

Siku ya kuionyesha mama alikaa benchi la pili. Sehemu ya kwanza kibanda kilicheka kama kawaida. Waliposema barua imeokotwa, watu wengine walimgeukia, kwa sababu kambini kila mtu anajua mambo ya kila mtu. Hakusema kitu. Walipomkuta mfungwa, alifunika mdomo kwa kitenge.

Alafu ikafika ile sehemu. Mwenye kibanda alikuwa ameshaamua. Kifaransa ni chake, Kiswahili ni chake, wangapi wangejua? Akasema: "Ameumia huyu. Watamkuja kuchukua baadaye."

Mtoto wa mbele, labda yule wa soksi, akasema, "Si amekufa?"

Mama aliongea bila kupandisha sauti. "Papa, sema vile iko."

Akasema vile iko. Amekufa. Lakini barua ilifika, na walikuja, na walimuona kabla. Mama akauliza waliyemtafuta aliwaambia nini. Mwenye kibanda akarudisha nyuma filme, akatafsiri tena neno kwa neno, safari hii bila utani, na batri ikaonyesha taa nyekundu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya vita kuingia Goma, watu wa kambi za kuzunguka mji walitawanyika kwa siku chache. Kibanda kilivunjwa na mwenyewe, kwa haraka, mbao moja moja. Mama yule alionekana akipanda kwa miguu kuelekea Kibumba, ndoo kichwani, shitingi imekunjwa mgongoni. Mtoto alikuwa bado hajapatikana.

Televizyo iko sasa katika chumba cha kukodi mjini, ukuta wa mbao, umeme wa kukatika. Watoto wa mtaa ule ni wengine. Wiki iliyopita waliomba kitu cha kuchekesha, na mwenye video akawafungulia bara la sita. Soksi waliigundua wenyewe, hawakuambiwa na mtu.